Kukutana na Alama za Taifa Zikiwa Hai: Saanane, Ndabaka, Rubondo au Shamba la Pamba?

Katika kila ofisi ya mwalimu mkuu hapa Mwanza hutakosa kuiona nembo ya taifa ukutani, ile ambayo wengi wetu tumezoea kuiita Bibi na Bwana. Wanafunzi huichora tangu wakiwa wadogo, hukariri kwamba mwenge uko juu na mawimbi yako chini, na hupata alama zote kwenye mtihani. Lakini ukimuuliza mtoto wa Igoma au Buhongwa kama amewahi kumwona twiga kwa macho yake, mara nyingi atakuambia amemwona kwenye mkia wa ndege ya Air Tanzania ikishuka.

Nimekuwa mlezi wa klabu ya mazingira katika shule ya msingi kwa miaka kadhaa, na kila mwaka kikao cha wazazi hugawanyika kwa swali lilelile: fedha za safari zikishapatikana, watoto wapelekwe wapi? Wapo wanaosema Saanane kwa kuwa ni hapa hapa mjini, wapo wasiotaka kusikia kingine zaidi ya Serengeti, na hakosekani mzazi mmoja aliyefika Rubondo ambaye huona sehemu nyingine zote ni kupoteza muda. Mimi nimeongeza la nne, shamba la pamba na makumbusho ya Bujora, nikachekwa mwaka wa kwanza. Ulinganisho huu ni kwa walimu na wazazi waliokwama katika swali hilo, na umejengwa juu ya lengo moja, yaani mtoto akutane na kile ambacho nembo, bendera, sarafu na noti zetu zinakisimamia.

Vigezo vya kupimia

Kigezo cha kwanza ni alama yenyewe: ni ipi mtoto ataiona ikiwa hai, na kwa ukaribu gani. Hapa lazima tujikumbushe tunatafuta nini. Twiga ndiye mnyama wa taifa, na jina lake limebebwa na timu yetu ya wanawake ya mpira wa miguu, Twiga Stars; wenye umri wangu wanakumbuka pia kichwa chake kilichojitokeza ulipoinua kwenye mwanga noti za matoleo ya zamani, zile ambazo Benki Kuu iliziondoa katika mzunguko mwaka 2025. Tembo yumo katika nembo kupitia pembe walizoshika Bibi na Bwana, na yumo katika noti ya shilingi 10,000. Simba yuko kwenye noti ya 2,000 na sarafu ya 200, faru kwenye noti ya 5,000, nyati kwenye sarafu ya 500, na swalapala kwenye sarafu ya 100. Miguuni pa Bwana kuna mkarafuu, miguuni pa Bibi kuna mpamba. Rangi ya buluu katika bendera, pamoja na mawimbi ya kwenye ngao, ni maji yetu: bahari, mito na maziwa, likiwemo hili tunaloamka nalo kila siku.

Kigezo cha pili ni njia na muda, kwa sababu mtoto aliyekaa ndani ya basi saa sita huwa haoni tena kitu, hata twiga akisimama dirishani. Cha tatu ni gharama. Sitaandika viwango vya viingilio, maana hubadilika, na ofisi za hifadhi hutoa vya sasa kwa simu. Nitalinganisha uzito wa mzigo tu. Cha nne ni umri wa watoto na kiasi cha utulivu wanaoweza kuwa nao.

Kisiwa cha Saanane

Alama. Saanane haina sifa ya wanyama wakubwa, na anayekwenda akitarajia tembo atarudi amenuna. Inachompa mtoto ni ukaribu. Kuna swalapala wanaolisha katikati ya miamba, kuna tumbili, kenge, mijusi wa rangi mbili na mamba wanaoota jua ukingoni. Mwaka juzi mwanafunzi wangu wa darasa la tano alitoa sarafu ya shilingi mia mfukoni, akaiweka kwenye kiganja, akawa anamtazama swalapala na sarafu kwa zamu. Kisha akasema, "Mwalimu, huyu wa kweli ana soksi nyeusi miguu ya nyuma, wa kwenye hela hana." Nilikuwa nimeishika sarafu hiyo tangu ilipotoka na sikuwahi kuziwaza hizo soksi.

Kuna mnyama mwingine pale ambaye hayumo katika alama yoyote ya taifa, lakini mimi humtumia kuliko wote. Ni pimbi, yule anayekaa juu ya mawe kama sungura aliyekatwa masikio. Pimbi ni miongoni mwa ndugu wa karibu zaidi wa tembo walio hai leo, na meno yake mawili ya juu ya mbele huendelea kukua maisha yote, kama zilivyo pembe za tembo, ambazo nazo kwa asili ni meno. Ukimwonyesha mtoto pimbi anayepiga mwayo, halafu ukamwonyesha picha ya nembo na zile pembe mbili, somo la nembo hugeuka kuwa somo la viumbe bila kubadilisha ukurasa.

Historia ya kisiwa nayo inasaidia. Jina limetokana na mzee Saanane Chawandi, aliyekuwa akiishi na kulima pale. Serikali ilikifanya bustani ya wanyama mwaka 1964, ya kwanza nchini, kikawa pori la akiba mwaka 1991, na mwaka 2013 kikapandishwa kuwa hifadhi ya taifa. Eneo lake, pamoja na maji yanayokizunguka, ni kilomita za mraba 2.18 tu.

Njia na muda. Ofisi na gati viko Capri Point, na mashua huchukua dakika chache. Nusu siku inatosha, na watoto wanarudi kula nyumbani.

Gharama. Ni ndogo, hasa kwa kuwa hakuna basi la safari ndefu la kukodi.

Umri. Hata darasa la kwanza wanaweza kwenda, mradi wavae jaketi okozi ndani ya mashua na asiwepo wa kuchezesha miguu majini, kwa sababu wale mamba si mapambo.

Serengeti kupitia lango la Ndabaka

Alama. Hapa ndipo anapopatikana twiga katika nchi yake mwenyewe. Serengeti ilianzishwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1951, ina kilomita za mraba 14,763, na ukanda wake wa magharibi unakaribia kabisa Ziwa Victoria. Katika ukanda huo utakuta twiga kwenye migunga, tembo, nyati, simba kwa bahati, na kando ya Mto Grumeti mamba ambao wakiwekwa karibu na wale wa Saanane, hawa wa mjini wataonekana watoto. Faru wa noti ya 5,000 usimwahidi mtu, kwa sababu wachache waliopo katika hifadhi hii wako mbali na upande huu.

Watu husema twiga ni mnyama mrefu, wakaishia hapo. Dume hufikia mita tano na zaidi, ni kweli, lakini kilichowashika watoto wetu hakikuwa urefu. Tulisimamisha basi karibu na jike mmoja aliyekuwa akicheua, na kila baada ya muda tuliona donge la majani likipanda ndani ya shingo kutoka kifuani hadi shavuni, taratibu, kama mpira ndani ya soksi. Basi zima lilinyamaza kulisubiri donge linalofuata. Shingo ile yote ina pingili saba, idadi sawa na ya kwenye shingo ya mtoto anayemtazama. Nilipowaambia kwamba mwaka 2019 twiga wa aina hii, twiga Masai, aliingizwa kwenye orodha nyekundu ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, kama mnyama aliye hatarini kutoweka, hawakuuliza kama swali hilo litatoka kwenye mtihani. Waliuliza ni nani anayemmaliza.

Jambo jingine la upande huu ni korongo taji, ndege mwenye shada la manyoya ya dhahabu kichwani. Huyo ni alama ya jirani yetu Uganda, amesimama katikati ya bendera yao akiwa ameinua mguu mmoja, lakini wapo Serengeti pia wakitembea nyasini bila hati ya kusafiria. Mimi hupenda kuwaonyesha watoto kwamba ndege wa bendera ya wenzetu analala kwetu. Naye yuko katika orodha hiyohiyo ya walio hatarini, tangu mwaka 2012.

Njia na muda. Kutoka Mwanza kupita Nyanguge, Magu na Lamadi hadi lango la Ndabaka ni takriban kilomita 140 za lami. Unaweza kwenda na kurudi siku moja ukiondoka saa kumi alfajiri, si baada ya hapo. Tuliwahi kukodi basi kwa mtu ambaye sitamtaja, likabadilisha matairi mawili kabla hatujaiona Magu, tukafika langoni saa tano, jua limeshakuwa kali na wanyama wamejificha kivulini. Watoto waliona nyani wengi na vumbi. Wakati wa masika, ule udongo mweusi wa upande wa magharibi hunasa basi kama ulimbo, kwa hiyo Machi na Aprili si miezi ya kujaribu bahati.

Gharama. Basi ndilo linalomeza fedha. Viingilio kwa wanafunzi wa Kitanzania ni nafuu kuliko watu wanavyodhani, ila malipo hufanyika kwa mfumo wa kielektroniki, hivyo usifike na bahasha ya noti mkononi.

Umri. Darasa la nne kwenda juu. Na tafadhali, watoto wasivae sare. Ukanda wa magharibi una mbung'o, na mbung'o huvutwa na rangi ya buluu iliyokoza. Mwaka wa kwanza tuliwapeleka na sketi na kaptula zao za buluu, walivyopendeza, na walirudi wamevimba mapaja.

Kisiwa cha Rubondo

Alama. Twiga yupo, tembo yupo, na maji yapo pande zote. Rubondo ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1977, ikiwa na takriban kilomita za mraba 457, nchi kavu na maji kwa pamoja. Lakini mwalimu mkweli atalazimika kuwaambia wanafunzi jambo linalotatiza kidogo: twiga na tembo wa Rubondo hawakuzaliwa na kisiwa kile. Walipelekwa na watu, katika mpango ulioanza miaka ya 1960 na uliohusisha Shirika la Wanyama la Frankfurt lililoongozwa na Bernhard Grzimek, ambapo hata sokwe 17 waliotoka kwenye bustani za wanyama za Ulaya waliachiwa msituni kati ya mwaka 1966 na 1969. Baadhi ya wanyama waliokwenda huko walipitishwa kwanza Saanane. Faru weusi nao walipelekwa, na majangili wakawamaliza. Wa asili ya kisiwa ni wengine, kama nzohe, swala wa majani ya majini mwenye kwato ndefu zinazomsaidia kutembea kwenye tope.

Kwa hiyo Rubondo inauliza swali ambalo Serengeti hailiulizi: alama ya taifa ikihamishwa na kuwekwa kisiwani ili isalimike, je, bado tunalinda urithi au tumetengeneza akiba? Mimi binafsi sijalimaliza swali hilo. Wanafunzi wangu wa zamani, ambao sasa wako sekondari, walibishana juu yake kuanzia gati hadi Geita.

Ujue pia kwamba msitu ni mnene. Tembo anaweza kuwa hatua mia kutoka ulipo na usione zaidi ya mti uliovunjika na kinyesi cha jana. Kinachofidia ni kwamba huko unatembea kwa miguu ukiwa na askari wa hifadhi, jambo ambalo ndani ya basi la Ndabaka halipo.

Njia na muda. Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025 na lenye urefu wa takriban kilomita tatu, limefuta foleni ya kivuko iliyokuwa ikila asubuhi nzima. Baada ya Sengerema na Geita unachagua kati ya Nkome na Kasenda. Safari ya maji kutokea Kasenda, upande wa Chato, ni fupi zaidi. Pamoja na daraja, hii si safari ya siku moja.

Gharama. Ni kubwa kuliko zote hapa, kwa sababu ya boti na malazi.

Umri. Sekondari, vyuo, na familia ndogo. Sijawahi kupeleka shule ya msingi na sishauri.

Shamba la pamba na Bujora

Alama. Huu ndio uchaguzi uliochekwa, na naelewa ni kwa nini: mzazi aliyelima pamba utotoni haoni sababu ya kulipia nauli ili mwanawe akaangalie pamba. Lakini watoto wa mjini hawajaiona. Wanajua pamba ya hospitali. Wengi hawajui kwamba ua la mpamba huchanua likiwa jeupe au la rangi ya maziwa na kesho yake huwa limegeuka la waridi, wala kwamba ule mmea ulio miguuni pa Bibi ndio uliowasomesha babu zao kupitia vyama vya ushirika vya Kanda ya Ziwa. Mkarafuu wa Bwana uko Unguja na Pemba na hatuna namna ya kuufikia kwa siku moja. Mpamba uko Magu, Kwimba na Misungwi.

Makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, pale Kisesa, hukamilisha kile ambacho shamba halina. Kwenye ngao ya taifa kuna mkuki, na kuna jembe na shoka vilivyopishanishwa. Pale vifaa vya aina hiyo vimewekwa pamoja na ngoma za watemi, na ukibahatika kukuta wachezaji wa bugobogobo utaona jembe likirushwa hewani na kudakwa kwa mdundo. Nikiwa huko huwataja pia wazee wetu wa Kanda ya Ziwa, akiwemo marehemu Francis Maige Kanyasu, aliyefariki Mei 2017 na ambaye wengi humtaja kuwa miongoni mwa waliochora nembo ya taifa. Lakabu yake ilikuwa Ngosha, yaani mwanaume, kwa Kisukuma.

Njia, muda na gharama. Kisesa ni mwendo wa daladala, na shamba huhitaji nusu siku. Hakuna iliyo rahisi kuliko hii.

Umri. Wote. Kasoro yake ni msimu: kabla ya Mei utaona majani na maua tu, na baada ya Septemba mashina huwa yameng'olewa na kuchomwa ili wadudu wasipate pa kulala.

Nani aende wapi

Shule yenye watoto wadogo, fedha kidogo na walimu wachache isione aibu kuchagua Saanane, ila kila mtoto abebe sarafu ya shilingi mia na mwalimu abebe picha kubwa ya nembo. Klabu ambayo watoto wake wameshafika Saanane mara moja au mbili, na ambao hawajawahi kumwona twiga, itafute basi zuri na iende Ndabaka kati ya Juni na Septemba. Wazazi wakishindwa kuchangia basi, Bujora na shamba la pamba vitawapa somo la nembo lililo kamili zaidi kuliko Saanane kwa upande wa ngao, ingawa mnyama hamtamwona.

Wanafunzi wa sekondari wanaosoma biolojia au jiografia, na ambao wanaweza kubeba mjadala wa wanyama waliohamishwa, watapata Rubondo kile ambacho kwingine hakipo. Familia yenye gari na siku tatu za mapumziko nayo ifikirie huko, hasa sasa ambapo daraja lipo. Mgeni aliyelala Mwanza usiku mmoja tu, na ndege yake ni saa tisa alasiri, ana Saanane asubuhi na hana kingine.

Nimewahi kuunganisha mbili, na ningerudia. Mwanzoni mwa Juni pamba huwa imepasuka njiani Magu, na katika ukanda wa magharibi makundi ya nyumbu yanayohama huwa yanapita, kwa hiyo safari moja ya Ndabaka inaweza kubeba mpamba na twiga kwa siku moja. Shamba liwe wakati wa kurudi, si wa kwenda, maana wanyama hawasubiri ila pamba inasubiri. Na mwenye shamba aombwe ruhusa siku moja kabla, kwa sababu pamba iliyopasuka ni fedha yake, na watoto arobaini wana mikono themanini.